Walichokiona Rubani na Bwana Omar

Katika mtaa wetu mzima wa Muyeye hakuna anayeijua anga kama mimi. Ndege nimepanda, tena si ya kuhadithiwa. Nilipanda mara moja, kwenda Nairobi kutazamwa macho, na macho yenyewe niliyafumba tangu Malindi mpaka tuliposimama. Lakini nimepanda.

Kwa hivyo habari ya rubani Mwaura ilipofika nyumbani, wote walinigeukia mimi. Huyo Mwaura na msaidizi wake, binti mmoja aitwaye Kavata, walikuwa wakileta abiria Malindi jioni ya kuamkia Idi. Jua lilikuwa limetua tu. Wakaona kitu juu ya bahari, upande wa Mambrui: cha mviringo, chekundu kama kaa la moto, kimetulia hewani bila bawa wala moshi. Wakakitazama, nacho sijui kama kiliwatazama. Walipokaribia kutua kikapotea, na mpaka leo hakuna aliyejua ni nini. Wakatoa ripoti kwa wakubwa wao. Kesho yake redio ikaisoma, ikaomba yeyote aliyekiona kutoka chini ajitokeze.

Hapo mji ukaona haya. Jioni ile kila mwenye miguu alikuwa nje, uso juu, maana tulikuwa tukitafuta mwezi wa Idi. Lakini mwezi mwandamo hutokea upande wa bara, kule jua linakotua, mwembamba kama ukucha, na ukizubaa kidogo umeshazama. Kwa hivyo sote tulikuwa tumeipa bahari mgongo. Ajabu ya dunia ikapita nyuma yetu, sisi tumekodoa macho kuelekea Ganda, huko bara.

Hakuna aliyejitokeza. Kisha, redioni, akajitokeza Bwana Omar.

Omar huyu alikuwa fundi wa majokofu, sasa amestaafu na mkewe ameshatangulia mbele ya haki. Kabla ya Ramadhani alimposa mdogo wangu Mahfudha, akaambiwa jibu atapewa baada ya Idi. Mahfudha hakuitisha nyumba wala dhahabu. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akienda Lamu kumzika mtu, na wiki inayofuata tunamkuta maiti yule yule sokoni akichagua bamia. Kwa hivyo mdogo wangu alitaka jambo moja tu.

"Dada," aliniambia, "nataka mume ambaye akisema neno, sihitaji kwenda kumuuliza jirani. Omar akiwa hivyo, nakubali leo leo."

Nikamwambia Omar ndiye. Sikuwa na ushahidi wowote, ila Omar huleta halwa.

Idi ya tatu, baada ya alasiri, akaja. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, halwa mkononi.

"Mmenisikia redioni?" akauliza, hata kikombe cha kahawa hakijamfikia.

"Tumekusikia," nikasema. "Hata paka wa jirani amekusikia."

"Wamenikatiza wale. Mambo mengi yamebaki." Akamgeukia Mahfudha, sauti ikawa laini. "Bi Mahfudha, mimi nilikuwa juu ya paa la msikiti na wenzangu. Jua likatua. Mara kitu kile kikatokea kule." Akanyoosha mkono wa kushoto dirishani, kuelekea baharini. "Chekundu, kinazunguka polepole. Wenzangu hawana habari. Mimi nikakikazia macho."

Mahfudha akamimina kahawa.

"Hukugeuka hata kidogo, shemeji?" nikauliza. Mdogo wangu akanikata jicho kwa hilo neno shemeji.

"Nigeuke niende wapi? Hata kupepesa sikupepesa. Tangu kilipotokea mpaka kilipopotea."

Nikaona anaelekea shimoni, nikamtupia kamba, kwa ajili ya halwa.

"Lakini mtu hugeuka, shemeji. Shingo huchoka."

"Yangu haichoki, Bi Ruqaiya."

Basi. Kamba nikaikunja.

Mahfudha akamsogezea kikombe. "Na mwezi je? Nimesikia ulionekana pale pale msikitini."

"Nani aliyeuona wa kwanza unadhani?" Omar akacheka kidogo. "Wenzangu wanahangaika, mimi nikawaonyesha kwa kidole."

"Saa hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo. Jua limetua, kitu kile, na mwezi ule. Bahati ya macho, Bi Mahfudha, hupewa mtu na Mungu."

"Mashallah," akasema Mahfudha. "Hebu nionyeshe, nami nione kama ulivyoona. Kitu kilikuwa wapi?"

Mkono wa kushoto ukaenda tena dirishani, baharini, bila wasiwasi wowote.

"Ubakishe hapo hapo. Na mwezi?"

Mkono wa kulia ukanyanyuka kwenda upande wa mlango, upande wa bara. Ukafika karibu na sikio, ukakwama. Akawa amekaa vile, mikono mbali mbali, kama mtu anayepimwa kanzu kwa fundi. Jasho likamtoka chini ya kofia. Mimi nikaitazama halwa, nikaiaga moyoni.

"Usiogope," Mahfudha akamwambia kwa upole kabisa. "Chagua mkono mmoja, Bwana Omar, nikupe jibu la posa yako."

Omar akaishusha yote miwili. "Hata kimoja sikukiona, Bi Mahfudha."