Midomo Iliyofungwa

Kiwandani kwetu Detroit, ukiongea kazini unafukuzwa. Ukicheka pia. Basi tukajifunza kusema bila kutikisa midomo, macho kwenye kazi, na hata habari za chama cha wafanyakazi tulipeana hivyohivyo. Tabia hiyo ikatufuata mpaka nyumbani. Mke wangu Halina alikuwa akinifokea mezani, "We Stach, fungua mdomo bwana! Mimi si msimamizi wako!"

Siku moja mashine ya kukandamiza mabati ilimbana mkono Zenon, aliyesimama kando yangu. Akaniita kwa mnong'ono uleule, midomo imefungwa, jasho linamtiririka. Mtu anasagwa vidole, na bado anaogopa kufukuzwa!

Nikaizima mashine, nikamtoa mkono. Msimamizi wetu, Haskell, akaja mbio. Akaitazama damu, kisha akaitazama mashine.

"Afadhali huyu hana kelele," akasema. "Mpelekeni nje. Haya, kazi iendelee!"

Nikakaa chini, palepale sakafuni.

"Stach, umerukwa na akili? Simama!"

"Sisimami! Simama wewe, uutie mkono wako kwenye mashine!" nilimjibu, mdomo wazi, mate yakimrukia.

Wa nyuma yangu akakaa. Kisha mwingine, na mwingine. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, mpaka kiwanda kizima kikawa kimya.

Hapo ndipo Zenon, bado yuko kando yangu, alipofungua mdomo, akapiga yowe. Na safari hii kila mtu alimsikia.