Muuza Siki

Siku hiyo Pua alikuwa na maonjo matatu na posa moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake posa ndiyo aliyoiandika kwa wino mwekundu kwenye daftari lake la miadi. Pua ni jina alilopewa na wafanyabiashara wenzake wa mvinyo, maana alikuwa ananusa glasi mara moja tu na kukwambia kama zabibu zake zilipigwa na mvua. Wakwe watarajiwa walishakuja nyumbani mara moja, yeye hayupo. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alimwambia kwa sauti ya chini, "Baba, mara hii ukikosa, nitawaambia sina baba."

Basi akaamka mapema. Saa tatu alikuwa hotelini, ukumbi wa chini, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe ili rangi ya mvinyo ionekane vizuri. Akaonja kumi na minane. Na kuonja kwao si kunywa, jamani: unazungusha glasi, unanusa, unavuta funda, unalisukasuka mdomoni kama anayesukutua, halafu unatema kwenye ndoo. Pua alikuwa hodari wa kutema, mstari mmoja mwembamba, hata tone haligusi tai. Saa sita yuko kwenye ghala la mwagizaji, anaonja mivinyo myekundu kumi na miwili akiwa amesimama katikati ya makasha. Saa nane, chakula cha mchana cha wenye mikahawa, huyu anamshika mkono, yule anampa kadi, "Pua, usiondoke, bado kuna ule mzito." Akaonja na ule mzito. Akatema. Kutazama saa, kumi kasoro dakika kumi, na wageni wamealikwa saa kumi.

Alifika nyumbani anahema. Binti alimpokea mlangoni, akamtazama usoni, akafunga mlango taratibu.

"Meno, baba."

"Yana nini?"

"Meusi. Na midomo kama umepakwa wino."

"Mwanangu, sijameza hata tone. Tangu asubuhi natema tu."

"Kila mlevi husema hajameza." Akamvua kitambulisho kilichokuwa bado kinaning'inia shingoni, kimeandikwa MNUNUZI WA MVINYO kwa herufi kubwa, akakitia mfukoni mwa gauni. "Na usisahau, wewe unauza siki."

"Nauza nini?"

"Siki. Ndivyo nilivyowaambia. Wale ni watu wasiogusa kileo, hata harufu yake hawaitaki. Ulitaka niseme nini?"

Pua alitaka kumwambia kwamba siki ni mvinyo uliokufa, na kwa watu wa kazi yake hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Chupa ikiharibika ndipo wanaponuna na kusema, hii sasa siki. Lakini sebuleni mkewe alikuwa anawachekesha wageni ili kuvuta muda, na vichekesho vilikuwa vimeanza kumwishia. Akaenda kusugua meno mpaka fizi zikatoka damu, kisha akaja kuketi.

Mama wa kijana alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, ameweka mkoba mapajani kama mtoto mchanga.

"Mkwe, tumekutafuta mpaka tumechoka. Kumbe hiyo siki haikupi nafasi?"

"Hainipi hata pumzi, mkwe wangu," alisema Pua, kiganja mdomoni.

"Mimi siki nasafishia vioo. Inang'arisha, acha tu. Ya kwako ni ya namna gani?"

"Nyekundu. Na nyeupe. Nyingine inakaa kwenye mapipa miaka kumi."

"Miaka kumi?" Baba wa kijana alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Si itakuwa imeoza, bwana."

Wote wakacheka. Binti ndiye aliyecheka kuliko wote, na Pua naye akacheka, maana angefanyaje. Miaka thelathini na mmoja ya kujenga jina, leo anasifiwa kwa kung'arisha vioo.

Hata hivyo posa ilikubaliwa. Mama wa kijana alimpa mkono akamwita mtu wa watu. Tarehe ya harusi ikatajwa, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Siku hiyo ndiyo ya maonyesho makubwa ya mvinyo, ambayo watu hupanda ndege kuyafuata. Hakuwahi kuyakosa, hata mwaka ule binti yake alipozaliwa na maonyesho yakawa kesho yake.

Wageni walipoondoka, alimfuata binti jikoni, akamkuta anaosha vikombe. Akapiga moyo konde.

"Mama, kuhusu ile tarehe, usiwe na wasiwasi. Maonyesho nitayaacha. Nitakuja harusini."

Binti alisuuza kikombe, akakigeuza, akakipanga juu ya kingine.

"Walipokuja mara ya kwanza walinipa tarehe tatu nichague," alisema. "Nikachukua hiyo. Nilijua hutakuwepo."

"Na nikija?"

"Baba mdogo ameshakubali kusimama badala yako. Suti ameshashonesha."

Hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo aliyoitafuta Pua usoni pake, hasira hata kidogo, apate cha kujibu, na hakuiona. Binti alifunga bomba, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Nenda kwenye maonyesho yako, baba," alisema kwa upole, kama anayemwonyesha mgeni mahali pa kuacha viatu. "Kule watakuulizia."