Ndoo ya Hajira

"Baba Sofia, sogea nyuma kidogo," Hajira alisema, ndoo ya maji mkononi. "Hayo makaa yanarusha cheche."

Khalfani, mumewe, hakusogea. Alikuwa akiyapanga makaa ndani ya pasi yake, kwenye kibaraza cha duka la Mektilda pale Kariakoo, ambako alikuwa dobi tangu ujana. Masika yote alilala kifudifudi nyumbani. Miaka ya kuinama juu ya meza ilikuwa imezila zile pedi laini katikati ya pingili za mgongo. Daktari alimchoma sindano ya gesi ya ozoni, akamwambia wazi kwamba haitamrudishia ujana, ila maumivu huenda yakapungua. Yalipungua polepole, mpaka akaweza kuvaa viatu mwenyewe.

Lakini mtaa uliposikia gesi, ulifikiria mtungi wa jikoni. Mwenye gesi mgongoni na makaa wapi na wapi? Hajira naye, pamoja na akili zake zote, akaamini.

Mektilda alitokeza mlangoni. "Shikamoo, mzee. Leo naomba jibu. Kijana wa kava za simu anakitaka hiki kibaraza, na nimeshamzungusha sana. Ukiiweza kazi, ni chako. Ukishindwa, nitampa yeye."

"Marahaba, mwanangu. Jibu linakuja."

Alifunga pasi. Sasa ilibaki kuipunga ili makaa yashike, na ni hapo hapo mgongo ulipomwangusha kabla ya masika. Aliogopa, tena sana. Akashika mpini, akaurusha mkono mbele na nyuma, mbele na nyuma. Makaa yakawa mekundu matunduni. Mgongo ukanyamaza.

"Mama Sofia, nimelipuka?"

"Bado."

"Daktari kasema hiyo gesi ilishaisha mwilini siku nyingi. Hukunisikia tu."

Akaipunga tena, safari hii kwa madaha, mpaka wauza vitenge wa ng'ambo ya barabara wakampigia makofi. Furaha ilimjaa hata akashindwa kuificha.

Mektilda aliingia ndani, akarudi na koti la mumewe la kanisani. Akalitandaza mezani. Meza yenyewe ilikuwa imeinuliwa kwa matofali, kama daktari alivyoagiza, ili mzee asiiname tena.

"Kola isimame," alisema.

Hajira aliitazama ndoo yake. Kisha akachovya vidole, akanyunyizia koti maji, na Khalfani akaishusha pasi. Mvuke ukapanda kati yao.