Mtamba Aliyezaa Lori Likingoja

Siku Jackie, fundi wa tovuti, alipomfungulia Nailantei duka la mtandaoni, pale ofisini kwake Kitengela, alimuuliza mama huyo swali moja.

"Mama Lemein, mteja akinunua, tumkate pesa papo hapo, ama benki iishikilie tu kwa kadi yake mpaka wewe useme ichukuliwe?"

"Wewe ungechagua gani?"

"Papo hapo. Watu wa nguo wote wanafanya hivyo. Ukikawia wiki nzima, benki inaiachilia, inamrudia mwenyewe."

Nailantei alikuwa mfugaji wa mitamba ya Sahiwal, ng'ombe wa maziwa, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Alishaona ng'ombe akishinda mzima na kufikia jioni ni mzoga. "Nguo haifi," alisema. "Ishikiliwe. Nitaichukua mnyama akishafika kwa mwenyewe."

Mteja wa kwanza alikuwa Rahab, muuguzi aliyefanya kazi Uingereza. Alichagua mtamba mwekundu mwenye mimba, apelekewe baba yake, Mzee Mburu, mkulima wa Illasit. Benki ikashikilia pesa. Lakini mvua ilinyesha, barabara ikaharibika, na lori la kumbeba lilipofika hatimaye kwa Nailantei ilikuwa siku ya mwisho ya ile wiki. Mtamba alikuwa amelala chini, anasukuma.

Jackie akapiga simu. "Bonyeza sasa uichukue pesa! Jioni hii pesa inaachiliwa."

"Huyu anazaa kabla ya wakati wake. Akifa je?"

"Akifa utakuwa umeshalipwa."

Nailantei alitia simu mfukoni, akapandisha mikono ya sweta na kupiga magoti kwenye matope. Lennox, dereva wa lori, akashika kichwa cha mnyama. Kwato zilitokea, kisha pua, kisha ndama akateleza mzima mzima hadi chini. Jike. Lakini mtamba hakuinuka. Aliendelea kusukuma.

Nailantei akaingiza mkono. Ndani kabisa vidole vyake viligusa kwato nyingine, nayo ikajivuta. Alikuwa amezalisha ng'ombe tangu usichana wake, na hakuwahi kukuta jambo kama hili kwa mtamba wa mimba ya kwanza.

"Yuko mwingine," alinong'ona. "Enkai ai, Mungu wangu, yuko mwingine."

Wa pili alitoka ametanguliza miguu ya nyuma, ulimi nje, hana pumzi. Nailantei alimfuta kamasi, akamtekenya pua kwa unyasi, akamsugua mbavu hadi mikono ikafa ganzi. Ndama akapiga chafya. Naye pia alikuwa jike. Mama yao akasimama akitetemeka, akaanza kuwalamba wote wawili kwa zamu, akiguna chini chini. Lennox alivua kofia.

Jua lilipozama, pesa zilikuwa zimerudi kwa Rahab. "Basi wote watatu ni wako," Jackie alisema kwa simu. "Hakuna mtu amelipa. Uza upya, bei mara tatu!"

Nailantei alimtumia Rahab video, kisha akampigia. Rahab alikuwa analia.

"Pesa yangu imerudi, mama. Hao si wangu."

"Ulinunua mtamba na kilicho tumboni. Mimi sikujua kuna nini humo. Mungu alijua."

Rahab akafuta machozi. "Basi nitumie bei mpya."

"Bei ni ile ile."

Rahab akanunua upya, na benki ikashikilia pesa tena. Siku chache baadaye, ndama walipopata nguvu, Lennox aliwapeleka Illasit pamoja na mama yao. Kesho yake Mzee Mburu alipiga simu, hata salamu akaisahau.

"Mama, mimi ni mzee, na nimesimama hapa kwa boma kama mtoto! Watatu! Nimeita majirani wote."

Nyuma yake palikuwa na kelele za watu, zikatulia, halafu mwanamke mmoja akaanza kuomba kwa Kikuyu. Nailantei hakuelewa maneno mengi. Alisikiliza hadi amina, kichwa kimeinama, ndipo akabonyeza pesa ichukuliwe.