Jogoo wa Rambirambi

Valeria hakuwa mtu wa kumeza maneno. Asubuhi ile alipokuta kuku wengine wawili wamekufa bandani, na wa tatu anazungukazunguka shingo imepinda, hakungoja hata chai. Alijifunga kanga kiunoni akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Abilahi, akaingia uani bila hodi.

"Abilahi! Salfa yako imenimalizia kuku. Bado kunimaliza mimi!"

Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho dawa, na Kilangala nzima ilinuka salfa. Unga wake wa manjano ulikaa kwenye majani, kwenye mabati, hata kwenye nguo zilizoanikwa. Mwenye hasira hakukosa pa kuishushia. Na Valeria alikuwa na haki ya kuumia, jamani. Binti yake Helena alikuwa amejifungua huko Milola, uzazi wa kwanza, na mama haendi kumtazama mzazi bila kuku wa supu. Tena kuku hai, ashuke naye kwenye pikipiki wakwe wamwone. Kornelio, baba yake Helena, alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Kuku wale ndio heshima iliyobaki nyumbani.

"Shikamoo, mama," Abilahi alisema taratibu.

Valeria hakuitika.

"Watazame wangu." Chini ya mikorosho kuku wake walikuwa wanaparua, manyoya yamegeuka manjano kwa salfa, na wote wazima. "Wanashinda humo humo. Wako wanaharisha kijani?"

"Kijani."

"Basi huo ni mdondo, mama. Huo huletwa na kuku mwenzao. Alianza kufa yupi?"

Valeria aliwahesabu kwa vidole.

Alianza jogoo. Debora ndiye aliyemleta msibani, jogoo mwekundu mzuri, rambirambi ya rafiki waliyeimba naye kwaya tangu usichana. Kuku mgeni hufungwa kamba mguuni mpaka apazoee, na Valeria alimfunga mlangoni kama kawaida. Lakini kesho yake jogoo alijikunyata, chakula hagusi, mabawa yanaburuta. Mjane mpya huona upweke kila mahali. Valeria alisema moyoni, maskini, huyu anawakumbuka wenzake, akamfungua akachanganyike na wengine. Kumbe huruma yake ndiyo iliyoupa ugonjwa njia.

Alitoka hapo hadi kwa Debora. Uani kulikuwa kimya kabisa. Debora alikuwa anafagia, na nyuma yake banda lilikuwa wazi, tupu.

"Wako walikufa lini?" Valeria aliuliza.

Debora aliacha kufagia. "Kabla ya msiba wenu. Alibaki yule tu. Lakini alikuwa mzima, mwenzangu, anawika. Sasa ningekuja kukuzikia mume mikono mitupu?"

"Bora ungekuja mitupu!"

Akageuka akaondoka.

Nyumbani alikuwa amebaki tetea mmoja wa madoadoa, anadonoa pumba, macho maangavu. Valeria alimkamata, akamtia kwenye tenga, akafunga kamba juu. Helena alikuwa anangoja supu. Wakwe nao walikuwa wanangoja kuona kilichotoka kwao Helena.

"Huyu mzima," alisema kwa sauti.

Neno lilipomtoka, aliduwaa. Lilikuwa la Debora, lile lile. Akaifungua kamba, akamwachia kuku, na aibu ikamshika akiwa peke yake uani.

Milola, pikipiki ilimshusha mbele ya nyumba ya wakwe. Uani kulijaa kuku, mmoja ana vifaranga miguuni. Agnes, mama mkwe wa Helena, alitoka na vigelegele. Macho yake yakashuka kwenye mikono ya mgeni, na vigelegele vikakatika.

Valeria alibaki barabarani. "Nimekuja mikono mitupu, mkwe wangu. Kwangu kuna mdondo. Hata viatu hivi usiviruhusu kuingia kwako."

Agnes aligeuka akarudi ndani. Valeria alijua sasa Helena anaambiwa mama yake kaja bila kuku. Aliona afadhali angepanda pikipiki akarudi zake, ila ilikuwa imeshaondoka.

Agnes alirudi na ndoo ya maji, sabuni, na kanga safi. Alipiga magoti pale pale vumbini, akamvua viatu akaviweka kando ya barabara, akamwosha miguu kwa mikono yake.

"Hiyo kanga ya safari iache hapa, jifunge hii," alisema. "Haya, pita ukamwone mjukuu wako. Kuku wa supu wapo."

Chumbani Helena alimwekea mtoto mapajani. Valeria akaangua kilio, hata mtoto akashtuka.

"Mama, unamlilia baba?"

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nimemwacha Debora amesimama uani na ufagio wake. Sikumuaga."