Chumvi Ng'ambo ya Kijito

Nilisimamisha lori katikati ya daraja, nikakitazama kilima cha Hollin kikimeremeta kwa barafu mbele yangu. Magurudumu ya mbele yalikuwa Worcestershire. Ya nyuma yalikuwa bado nyumbani.

Kwa miaka ishirini na minne kaunti zetu mbili, Herefordshire na Worcestershire, zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja, zikaishi kama mke na mume walioozwa bila kuulizwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioona Herefordshire imemezwa. Nilipita nyumba kwa nyumba nikikusanya saini za kudai kaunti yetu irudishwe, na tulipotenganishwa, Aprili ya 1998, niliwanywesha majirani pombe ya matofaa mpaka wakaimba.

Kisha ikaja Desemba. Kazi yangu ilikuwa kumwaga chumvi barabarani alfajiri za baridi ili barafu iyeyuke, na kilima kile nilikipanda tangu ujana. Sasa zamu yangu iliishia darajani, penye mpaka. Lori la Worcester nalo liligeuzia kileleni, kwa kuwa uwanja wa kugeuzia huku chini uko upande wetu. Mteremko ukabaki hauna mwenyewe.

Chini ya mteremko, ng'ambo ya kijito, waliishi Len Probert na mkewe Gwen. Figo za Gwen zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki Len alimpeleka hospitali ya Worcester kusafishwa damu kwa mashine. Jumanne ile gari lao liliteleza kinyumenyume hadi uani, na Gwen akaikosa mashine.

Jioni nilimkuta Len baa.

"Umeipata kaunti yako, bwana Arthur," akasema bila kunitazama. "Hongera. Sasa iambie ije imbebe mke wangu."

"Tumekatazwa kuvuka, Len. Mtu akiteleza kwenye chumvi yetu upande wenu, kesi ni yetu."

"Nyie na pande zenu. Gwen ana upande mmoja tu siku hizi, wa kulalia."

Ndiyo maana Alhamisi alfajiri nilikuwa pale darajani. Taa ya jikoni kwao ilikuwa inawaka. Nikafungulia chumvi, nikavuka.

Niliporudi niliandika kwenye daftari la zamu: Nimepanda Hollin hadi kileleni. Msimamizi wetu, Kendrick, alilisoma mara mbili.

"Andika ulikosa pa kugeuzia, mzee. Yaishe."

"Pa kugeuzia palikuwepo," nikamwambia.

Siku ile Gwen alifika hospitali mapema. Wiki iliyofuata nikaletewa barua ya onyo. Tangu ujana wangu, ilikuwa karatasi ya kwanza kunifikia ikiwa na jina la Herefordshire peke yake juu. Niliisoma nimesimama mlangoni, pole pole, hadi sahihi ya mwisho. Redio ilikuwa imetabiri barafu tena. Nikaikunja barua, nikaenda kujaza lori chumvi.