Kumi na Tisa kwa Mmoja

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Dishon, wala tusimtafutie mwenzake, mwenyewe anakiri. Mtu anaingia zahanatini, anawakuta watu wananong'ona, redio imezimwa, naye anapiga meza kofi na kucheka: “Bi Hanifa, shikamoo! Leo nimekuja na mashahidi!”

“Marahaba,” alijibu Hanifa, karani wa kadi, bila kumtazama.

Dishon alikuwa fundi wa kompyuta katika hoteli moja ya Diani, kijana wa bara mwenye ulimi mwepesi. Mwaka wa tisini na saba alitunga programu ya kutunza kadi za wagonjwa, akaitoa bure kwa walimwengu, maandishi yake ya ndani yakiwa wazi: atakaye ayasome, atakaye ayarekebishe. Zahanati hii, nje kidogo ya Msambweni, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitumia. Kadi za karatasi zikatiwa maguniani, zikapelekwa stoo.

Toleo la kwanza lilijua adabu za pwani. Ukiandika jina kama Mbeyu, linakutolea akina Mbeyu wote na vijiji vyao, uchague wako. Kisha mafundi wa ng'ambo waliojitolea kumsaidia kuirekebisha wakamwandikia kwamba duniani watu hutafutwa kwa jina la mwisho. Dishon akavimba kichwa, akabadilisha. Katika toleo la pili, ukiandika jina la kwanza peke yake, mashine inakujibu: Hakuna.

Hanifa alilalamika mara tatu. Mara ya tatu Dishon alimjibu kwa mzaha, “Programu iko wazi, Bi Hanifa. Usipoipenda, jirekebishie.” Mwanamke aliyefundishwa kuwasha mashine mwaka jana tu!

Sasa alizitandaza karatasi alizozichapa hotelini.

“Barua-pepe kumi na tisa, kutoka nchi saba. Wote wanasema toleo jipya ni poa. Anayepinga ni nani? Wewe peke yako. Acha kunipiga vita, mama yangu.”

“Umemaliza?”

“Bado. Si kila mtu ana jina la mwisho? Uliza tu!”

“Jumanne niliuliza,” alisema Hanifa. “Majirani walimleta mwanamke kutoka Bodo, homa imempanda, hasemi. Mumewe hayupo, na wao wanamjua kwa Mbeyu tu, ameolewa pale juzijuzi. La babake hawalijui. Nikaandika Mbeyu. Mashine ikaniambia hakuna.”

“Kisha?” aliuliza Dishon.

“Nikamfungulia kadi mpya, kama mgeni. Tabibu akaiona kadi safi, akamdunga penisilini.”

Akakigeuza kioo cha kompyuta kimwelekee Dishon. Alikuwa ameandika jina zima, alilolipata kwa mume baadaye: Mbeyu Chome Boga. Kadi ya mwaka jana ilikuwapo, ya tangu yuko kwao, na juu yake Hanifa mwenyewe alikuwa ameandika: Asidungwe penisilini.

“Yuko wapi?” Dishon aliuliza.

“Tulimzika Jumatano.”

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Dishon alizitazama karatasi zake, akasema kwa sauti ndogo, “Lakini nikirudisha lile la zamani, Bi Hanifa, hawa kumi na tisa nitawaambia nini?”

Hanifa alizikusanya karatasi moja moja, akamwekea mkononi.

“Mbeyu nimemwosha kwa mikono hii. Waulize hao, ni nani kati yao aliyenishikia maji.”